Kivinjari Kilichokula Betri ya Mwalimu Dolfina

Ambon, 3 Agosti 2019

Kwa mpwa wangu Mwalimu Dolfina, Ngurlean.

Kama salamu zingepimwa uzito bandarini, hizi zangu nahodha angezikataa. Zipokee zote, fungu kubwa mpe mama yako, umwambie zimetoka kwa mdogo wake Bonefasius, asijifanye hanijui. Mimi mzima wa afya. Duka langu la kutengeneza redio, simu na kompyuta linawaka taa kumi na mbili, na foleni ya wateja inafika hadi kwa muuza sagu. Juzi nimetengeneza rada ya meli ya mafuta kwa kutumia uma wa kulia samaki. Nahodha alilia machozi, akataka kuniozesha binti yake. Nikamwambia binti mwenyewe kwanza aulizwe. Hayo tuyaache, mimi si mtu wa kujisifu.

Neno lenyewe ni hili. Nusi, yule mpishi wa meli, aliniambia wewe ndiye uliyetwikwa kazi ya kuandikisha watoto wa shule mtandaoni, na shule yenyewe haina hata kikokotoo. Basi ndani ya gunia hili la mchele kuna kompyuta mpakato. Ilikuwa ya mkurugenzi mmoja hapa Ambon, mtu mzito, alinipa kwa shukrani baada ya kumwokolea picha za harusi yake, na alikuwa na harusi tatu. Betri nimekuwekea mpya, haijaguswa na mkono wa mtu. Inakaa saa sita. Saba, ukiwa na moyo safi.

Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, nimekuwekea kikubwa, kile wanachotumia wakubwa wenzangu. Nimekipamba kwa viongezo kumi na vinne, vile vijiprogramu vya kubandika ubavuni, kila kimoja na kazi yake. Usiguse kitu. Washa, fanya kazi, niombee.

Mpe Nusi mikate ya enbal, ile yetu ya muhogo, aniletee. Muhogo wa huku una ladha ya kadibodi.

Mjomba wako,
Fundi Bonefasius Letsoin


Ngurlean, 21 Agosti 2019

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo. Mama alikuwa anakuna muhogo nilipomsomea barua yako. Nilipofika kwenye jina lako hakusimama, ila alikuna hadi akajikuna kidole. Salamu hakukutumia, lakini hakuniambia ninyamaze pia. Bahari imefungwa tangu Juni. Kuti changa linaning'inia kwenye nguzo ya gati, na hakuna anayezamia majongoo bahari wala kombe hadi sasi, mwiko wetu wa kufunga bahari, ifunguliwe Desemba. Tunakula samaki wa ndoana na kusubiri, kama kila mwaka.

Kompyuta imefika salama. Watoto wote thelathini na mmoja wameigusa, mmoja mmoja kwa foleni, kama masalia ya mtakatifu. Asante sana.

Sasa lililoniketisha kuandika. Unajua jenereta ya kijiji inawaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne basi. Nachaji hapo. Mtandao kijijini haupo, upo juu ya kilima cha Mas tu, kwenye ule mwamba, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na huko umeme hakuna. Kwa hiyo napanda na betri iliyojaa, na kilichomo ndani yake ndicho nilicho nacho. Tena orodha haipokewi nusu nusu. Watoto wote lazima waingizwe na kutumwa kwa mkupuo mmoja, ukikatika unarudi kwa mtoto wa kwanza. Kwa hesabu yangu nahitaji saa tatu.

Jumamosi nilipanda. Kompyuta ilizimika baada ya dakika hamsini. Nilikuwa nimefika mtoto wa tisa. Feni yake inalia kama nzi kwenye chupa, na mapaja yangu yameiva.

Mwisho wa kuandikisha ni tarehe 30 Novemba. Shule ambayo haimo kwenye orodha itaunganishwa na ile ya kisiwa cha ng'ambo. Unaujua ule mlango wa bahari mwezi wa Januari. Yopi ana miaka sita, anatapika hata mtumbwi ukiwa umefungwa gatini. Ndiye atakayevuka kila asubuhi.

Nilikupigia simu kutoka kilimani. Iliita hadi ikachoka.

Mpwa wako,
Dolfina


Ambon, 4 Septemba 2019

Mwalimu wangu Dolfina,

Barua yako nimeisoma mbele ya wateja, wakasema huyu mpwa wako anaandika kama hakimu. Nikawaambia damu haipotei. Mikate ya enbal imefika. Nusi ameila miwili njiani na kusingizia panya. "Panya gani anayefunga fundo la mfuko tena?" nikamuuliza. Akasema wa melini wamesoma. Mimi mzima. Simu yangu siku ile ilikuwa mezani, nimeifungua tumbo kwa matengenezo. Ndiyo maana iliita bila mtu.

Dakika hamsini? Haiwezekani. Mwaka 2003 nilikuwa na betri iliyokaa siku tisa. Tulipoona haizimiki tukaizika nyuma ya nyumba, na kwa wiki nzima kuku walikuwa hawalali pale kwa sababu ya mwanga. Kwa hiyo kosa haliko kwenye betri. Kosa ni hewa ya chumvi. Betri ikisikia chumvi inaona haya, inajikunja. Ivishe jani la mgomba inapopumzika, lakini jani la juani, si la kivulini. Ukipanda kilima, panda polepole, maana mtikisiko unamwaga chaji. Na mwanga wa kioo upunguze hadi katikati.

Unaniuliza habari za feni na joto. Hiyo ni nguvu. Hata mimi nikifanya kazi natoa jasho. Kivinjari usikilaumu. Mlango ni mlango, Dolfina, ukipita huu au ule unaingia nyumba ile ile.

Yopi ni mtoto wa nani?

Mjomba wako,
Fundi Boni


Ngurlean, 20 Septemba 2019

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Mvua haijaja. Yopi ni mtoto wa Petrus, yule uliyemfundisha kuzamia. Mama nilimsomea tena barua yako. Ile ya kuku wasiolala ilimtoka kicheko puani, akajidai amekohoa.

Jani la mgomba nimelijaribu kwa heshima yako. Kompyuta sasa inanuka kitumbua. Dakika ni zile zile.

Mwanga wa kioo nao nimeupunguza, na hilo limesaidia kidogo, ila juu ya mwamba jua ni kali na nikiupunguza sana sioni herufi.

Lakini kuna jambo. Jioni moja kivinjari chako kikubwa kiligoma kufunguka, nikafungua kile kidogo kilichokuja na mashine yenyewe, ambacho wewe umekificha pembeni kama mtoto wa kambo. Nikasikia kimya. Feni haikulia. Nikajiuliza: kwani kile kikubwa kilikuwa kinafanya nini muda wote ule, na mimi ninaandika majina tu?

Nikaamua kupima. Jumamosi mbili nimepanda kilimani na saa ya ukutani ya shule kichwani kwenye kapu, watu wakinicheka njia nzima: "Mwalimu, umehama na ukuta?" Jumamosi ya kwanza kivinjari kikubwa, ya pili kidogo. Betri imejaa sawa, mwanga sawa, ukurasa ule ule wa kuandikishia, mwamba ule ule. Kikubwa: dakika hamsini na mbili. Kidogo: saa moja na dakika thelathini na moja.

Mjomba, mlango si mlango. Kuna mlango unaopita, na kuna mlango ambao bawabu wake lazima alishwe kwanza.

Nimefurahi, halafu nikafanya hesabu. Bado nusu ya safari. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na nakuomba jibu moja. Je, betri hii ni mpya kweli? Kama ni mpya, kosa liko kwangu na nitaendelea kulitafuta. Kama si mpya, nitaacha kupoteza Jumamosi zilizobaki nikitafuta kosa ambalo halipo. Zimebaki kumi na moja.

Nakungoja,
Dolfina


Ambon, 9 Oktoba 2019

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Meli moja ilipita bila barua yangu, kazi zilinizidi. Mvua huku imeezua mabati ya soko, nami nikayashika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili nikiunga waya. Watu walipiga picha. Salamu kwa wote.

Swali lako nimeliona. Fundi haulizwi hivyo. Miaka thelathini nimeshika vifaa vya watu, hakuna aliyewahi kuniuliza "ni kweli?" Umesoma, ni vizuri, na saa ya ukutani umeibeba, ni vizuri zaidi, lakini kuna vitu havipimwi kwa saa. Nakutumia kichupa cha mafuta ya karafuu. Paka pembe nne za betri, usimwambie mtu.

Bahari itafunguliwa tarehe ngapi hasa mwaka huu? Nauliza tu. Kuna mteja anataka kujua.

Mjomba wako,
B. Letsoin


Ngurlean, 24 Oktoba 2019

Mjomba,

Shikamoo. Mama ana kikohozi cha vumbi, si kikubwa. Karafuu tumempaka yeye kifuani, imemfaa kuliko ambavyo ingeifaa betri.

Hukujibu. Kwa hiyo nimekaa na kompyuta yako kama mtu anayekaa na mgonjwa asiyesema, nikaanza kuangalia mwenyewe.

Kila nikifungua kivinjari kikubwa, kinafungua chenyewe kurasa kumi na tisa kabla sijagusa kitu. Tangu mwanzo nilizipuuza, nilidhani ni mambo ya mkurugenzi. Kilimani Jumamosi iliyopita nikazifungua moja moja. Ratiba ya meli kutoka Ambon kuja Tual, bandari ya karibu nasi. Ratiba hiyo hiyo, ya mwezi mwingine. Urefu wa mawimbi ya bahari yetu. Hali ya hewa ya Ngurlean. Ukurasa wa picha ambao watu wa hapa waishio mbali wanabandika harusi na misiba. Ratiba ya meli tena. Zote zinajisasisha zenyewe kila baada ya muda, na pasipo mtandao zinabisha hodi, zinabisha hodi, hazichoki. Hata nikikifunga kivinjari kinaendelea chini kwa chini. Ndicho kinachokula betri, Mjomba.

Mkurugenzi gani wa Ambon anayetaka kujua mawimbi ya Ngurlean kila nusu saa?

Hii ni kompyuta yako.

Nilikuwa na miaka kumi na minne ulipozamia majongoo bahari na kuti bado linaning'inia gatini. Kila mtu anajua. Wengine walishawahi kufanya kabla yako, walisimama ufukoni, wakatoa tambuu, wakaomba radhi, wakatukanwa kidogo, na jioni wakala na wenzao. Wewe ulipanda meli. Alfajiri wazee walipokuja ni Mama aliyesimama pale, akajibu kwa kosa la mtu mwingine mbele ya kijiji kizima. Hajawahi kunisimulia. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika sketi yake, ingawa nilikuwa mkubwa wa kuona haya kushika sketi.

Siandiki haya nikuchome. Naandika kwa sababu ni jambo lile lile. Ulishindwa kusema neno moja, likabebwa na mtu mwingine. Safari hii atakayebeba ni Yopi na wenzake.

Betri ni mpya au si mpya?

Dolfina


Ambon, 6 Novemba 2019

Dolfina,

Salamu kwako na kwa dada yangu Reta. Namwombea kikohozi kiishe.

Si mpya.

Nimeandika neno hilo nikaenda kunywa maji. Nimerudi, bado lipo. Basi niendelee.

Hakukuwa na mkurugenzi. Kompyuta ni yangu, nimekaa nayo miaka minne. Kibanda changu hakina taa kumi na mbili, hakina hata moja, umeme walikata mwezi wa Machi. Betri yake nzuri niliitoa kabla sijakufungia gunia, nikaiunga kwenye redio, maana jioni wanatangaza meli za Tual, zipi zimefika na zipi zimechelewa. Najua ni ujinga, mtu hasafiri kwa kusikiliza. Wewe nikakuwekea betri ya kompyuta nyingine ya aina ile ile iliyokufa kwa moto. Nilijua haifiki saa mbili. Nikajiambia mtoto wa Reta ana akili, atapata njia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia na mara ile nyingine: Reta ana ulimi, atapata la kuwajibu.

Ulipoandika habari ya vivinjari nilikasirika, halafu nikaenda kwa jirani yangu Bi Saoda, mwenye duka la kuchapa karatasi, nikamwomba nipime kwenye mashine yake.

"Fundi," akasema, "saa yako ya mkononi yenyewe imesimama tangu mwaka juzi, utapimaje?"

"Nitatumia ya kwako."

"Basi leo kweli unaumwa, hujasema unapima kwa jua."

Nikakaa pale siku mbili. Sikiliza nilichokiona. Kwenye mashine yake, kivinjari kikubwa na kidogo vimekaribiana kabisa, tofauti ni dakika nane. Kikubwa chake ni kitupu, hana kiongezo hata kimoja, na akimaliza ukurasa anaufunga. Kwa hiyo mtu akikuambia kivinjari hiki ni bora kuliko kile kila mahali, huyo ni kama mimi. Kila mashine ipimwe kwake, kama ulivyofanya. Kilichokula betri yako ni kile nilichokijaza mimi. Viongezo kumi na vinne, na vinavyofanya sikumbuki. Kurasa kumi na tisa, na hizo nakumbuka zote.

Fanya hivi. Kikubwa kifunge, ukizuie kisijiwashe chenyewe kompyuta inapowaka, kuna mahali pa kuondoa alama. Tumia kidogo. Fungua ukurasa mmoja tu, ule wa kuandikishia. Andika habari zote za watoto kwenye daftari nyumbani, ili kilimani unakili, usifikiri. Kufikiri nako kunakula chaji.

Betri iliyofungwa kwa kitambaa chekundu ni ile nzuri. Nimeikagua kwa Bi Saoda, mashine yake inaipokea: kwa kivinjari kidogo, mwanga wa nusu, inakaa saa tatu na robo. Si sita. Tatu na robo. Nimempa Nusi, nikamwapisha asiiweke karibu na jiko. Akaniuliza, "Fundi, na redio yako je?" Nikamwambia imepata likizo.

Lile jingine uliloandika ni kweli pia.

Boni


Ngurlean, 2 Desemba 2019

Mjomba wangu, shikamoo,

Mama kikohozi kimeisha. Betri ilifika tarehe 19, kitambaa kinanuka vitunguu lakini yenyewe salama.

Jumamosi ya tarehe 23 nilipanda, mtandao haukuwepo kabisa kisiwa kizima. Nikashuka. Ikabaki Jumamosi moja, na ndiyo siku yenyewe ya mwisho.

Ijumaa jioni nilichaji hadi mwisho. Kivinjari kikubwa nilikuwa nimeshakifunga kama ulivyosema, halafu nikachukua kipande cha kuti changa nikakifunga kwenye ukingo wa kompyuta. Watoto wakauliza, "Mwalimu, nayo imefungwa sasi?" Nikawaambia ndiyo, mpaka kesho haiguswi, hata kwa kuangalia picha, hata kwa kupiga muziki. Wakaelewa papo hapo kuliko nilivyoelewa mimi miezi mitatu. Wao wanajua tangu wamezaliwa kwamba kitu ukikiacha kipumzike kinakuwepo siku unayokihitaji.

Asubuhi nilipotoka nilimkuta Mama mlangoni na sarong begani. "Unaenda wapi?" nikamuuliza. "Kwani kilima ni chako?" akasema. Magoti yake unayajua. Tulipanda kwa saa tatu badala ya mbili, nikawa naona akilini Yopi na wenzake wakivuka maji kila Mama alipoomba kupumzika.

Juu ya mwamba jua lilikuwa kali. Mama akasimama nyuma yangu akatanda sarong juu ya kichwa changu na kioo, nikaweza kupunguza mwanga hadi robo. Alisimama hivyo muda wote. Mtoto wa kumi, betri asilimia sabini na moja. Wa ishirini, thelathini na nane. Kwa mtoto wa ishirini na sita mtandao ulisinzia, nikahisi matone yananidondokea shingoni, nikadhani mvua, kumbe jasho lake. Nikamwambia, "Mama, keti." Akasema, "Andika."

Nilibonyeza kutuma ikiwa na asilimia sita. Jibu lilirudi ikiwa na nne: wanafunzi 31, wamepokewa. Yopi ni namba thelathini na moja kwa sababu jina lake la ukoo linaanza na Y. Shule haiendi popote.

Nilimwambia Mama ni mkono wa nani ulioitoa betri ile nzuri. Akakunja sarong yake taratibu. Nikamsomea barua yako ya Novemba pale pale, yote, pamoja na neno lile la mwanzo. Aliniambia nirudie mahali pa redio. Halafu akasema: "Mwandikie aje. Asije na hadithi."

Kurasa zako kumi na tisa nimezifunga. Moja nimeinakili kwanza kwa mkono, karatasi haili chaji: meli inatoka Ambon tarehe 17 Desemba. Bahari inafunguliwa tarehe 21. Kwa yule mteja wako.

Dolfina


Melini, 19 Desemba 2019

Dolfina,

Barua hii nakuletea mwenyewe, maana nikifika gatini najijua, mdomo utatangulia. Isome wewe kwanza, halafu msomee mama yako kabla sijafungua kinywa.

Tambuu ninayo, Bi Saoda ndiye aliyenifungia. Nitasimama pale ufukoni aliposimama Reta, nitasema nilichofanya, kisha nitanyamaza wanitukane. Nakuomba usinitetee.

Nusi amenipa nafasi ya kulala jikoni. Nimekaa tangu asubuhi nikitafuta nikwambieje mawimbi yalikuwaje safari hii.

Yalikuwa madogo.

Mjomba wako,
Boni